Hamsini na Saba: Barabara ya vumbi inayopanda kutoka Chimala hadi Kitulo

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya, ukishaipita Igawa unaingia kwenye uwanda wa Usangu. Mkono wa kulia ni tambarare na mashamba ya mpunga. Mkono wa kushoto unaona milima imesimama kama ukuta. Ukifika Chimala, wilayani Mbarali, ipo barabara inayoacha lami na kwenda moja kwa moja kwenye ukuta huo. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake.

Wasikilizaji wetu wengi wanaijua kwa jina tu. Wengine wanaipanda kila wiki na magunia ya viazi. Wengine wameisikia siku mgonjwa wa nyumbani alipokwama huko juu wakati wa masika. Katika makala hii tunaeleza barabara hii ni ya namna gani, kwa nini imekaa hivyo, na mambo ambayo dereva, utingo, abiria na mwenye mzigo wanapaswa kuyajua kabla ya kuianza.

Barabara inakwenda wapi

Chimala ipo mkoa wa Mbeya, chini ya kilomita 100 mashariki mwa jiji la Mbeya. Usangu ipo juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana jua lake ni kali na mpunga unastawi. Ukipanda kona zote unatokea Matamba, tarafa iliyoko wilaya ya Makete. Ukiendelea mbele unafika uwanda wa juu wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi. Kwa hiyo ndani ya safari fupi gari linapanda takriban mita 1,500 kwenda juu.

Makete leo ipo mkoa wa Njombe. Kabla ya mwaka 2012, mkoa huo ulipoanzishwa, Makete ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, na wazee wengi bado wanasema "huko Iringa" wakimaanisha kilele cha mlima huu. Mkoa umebadilika jina, lakini biashara ni ile ile. Viazi mviringo, njegere, ngano na pareto vinashuka. Mchele, chumvi, sabuni, mafuta ya taa na mabati vinapanda.

Wagonjwa nao wanapita hapo. Chimala ina hospitali ya misheni inayofahamika ukanda wote huu, na kwa familia nyingi za Matamba hospitali iliyo karibu ni ile iliyo chini ya mlima. Mama mjamzito anapopata uchungu usiku na mvua inanyesha, umbali wa kilomita hauwi tena hesabu muhimu. Hesabu ni kona, tope na breki.

Kwa nini kona ni nyingi hivyo

Usangu ni sehemu ya mfumo wa Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka na mwingine ukabaki juu. Mahali ilipopasuka ndipo palipo na ukuta unaouona kutoka Chimala. Kwa hiyo hapa huna mlima unaopanda taratibu kutoka mbali. Unatoka kwenye tambarare, unakutana na mwinuko papo hapo.

Barabara ikinyooshwa kwenye mwinuko wa namna hiyo, hakuna lori litakaloipanda. Dawa yake ni kuizungusha. Inakwenda ubavuni mwa mlima, inapiga kona, inarudi upande ilikotoka ikiwa juu zaidi, inapiga kona tena. Kila kona inaongeza urefu wa njia ili kupunguza ukali wa mteremko. Jina linataja kona 57, ingawa mkihesabu wanne garini mnaweza kufika juu mkiwa na majibu manne.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ndani ya kona mteremko ni mkali kuliko nje ya kona. Ndiyo maana lori lililopakia hulazimika kuzungukia nje na kuchukua barabara nzima. Dereva wa gari dogo anayekuja mbio kwa kuamini kwamba "upande wangu ni wangu" atakutana nalo uso kwa uso.

Kupanda: injini inakosa pumzi

Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kupanda. Kupanda kunachosha gari, ila kushuka ndiko kunakoua. Hata hivyo tuanze na kupanda.

Injini inahitaji hewa ili kuchoma mafuta. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,600 imepungua kwa takriban robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Gari lisilo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Pikipiki inayobeba watu wawili Chimala bila shida inaweza kugoma na watu hao hao ikifika juu. Haijaharibika, imekosa pumzi tu.

Maji nayo yanachemka mapema. Kwenye usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Kwenye kimo cha Kitulo yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Akina mama wa Matamba na Kitulo wanalijua hili bila kuambiwa, maana maharage yanayoiva haraka Usangu huko kwao yanakula kuni nyingi zaidi. Kwa gari maana yake ni moja: hakikisha rejeta imejaa, mfuniko wake unabana vizuri na feni inafanya kazi. Mshale wa joto ukipanda, simama mahali penye nafasi, acha injini ipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Yale maji yanaruka usoni yakiwa yanachemka.

Ingia kwenye gia ndogo kabla ya kona, si katikati ya kona. Dereva anayebadilisha gia kona ikiwa imeshamkaba hupoteza mwendo, gari linasimama, kisha linaanza kurudi nyuma. Hapo ndipo utingo anaruka na kigogo au jiwe kulizuia tairi. Utingo mzuri anaokoa maisha. Ila jiwe likishafanya kazi liondolewe. Mawe yaliyoachwa katikati ya barabara ni hatari kwa gari linalofuata, na zaidi kwa bodaboda wakati wa ukungu.

Kushuka: joto la breki

Kila kitu kilichopandishwa juu kina nguvu ya kurudi chini. Gari linaposhuka, nguvu hiyo lazima iende mahali. Ukikanyaga breki, inageuka kuwa joto.

Tupige hesabu. Lori lenye uzito wa tani 10, likishuka mita 1,000 kwa breki peke yake, linatoa joto la kutosha kuchemsha maji baridi zaidi ya ndoo 14 za lita 20. Joto lote hilo linaingia kwenye ngoma za breki na viatu vyake. Ngoma ikipata moto inatanuka, viatu havishiki tena kama awali, na dereva anakanyaga zaidi. Kadiri anavyokanyaga, joto linaongezeka. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama hadi chini na gari halisikii. Harufu ya kitu kinachoungua ni onyo. Abiria ukiisikia, sema. Kuuliza "dereva, mbona kunanuka?" si utovu wa adabu.

Kinga yake ni kongwe na haina gharama: shuka kwa gia, si kwa breki. Madereva wa zamani walisema gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia, na kwa Hamsini na Saba hata gia ndogo zaidi ya hiyo inafaa. Injini inalishika gari, breki zinabaki kwa ajili ya kona. Ingiza gia hiyo ukiwa bado juu, gari likiwa limetulia. Likishashika mwendo, gia ndogo inaweza kukataa kuingia, na ukiitoa ile ya kwanza unabaki huna hata moja.

Kuna tabia ya kuweka gia huru, wenyewe wanaita "fri", ili kubana mafuta. Kwenye mteremko huu akiba hiyo haina maana. Nusu lita ya dizeli haiwezi kulipa roho ya mtu. Wenye malori ya breki za upepo wajue pia kwamba kukanyaga na kuachia mara nyingi mfululizo kunamaliza upepo kwenye mtungi haraka kuliko injini inavyoweza kuujaza. Mwaga maji yaliyojikusanya kwenye mtungi kabla ya safari, na angalia geji kabla ya kuanza kushuka.

Breki zikishapata moto, simama zipoe zenyewe. Kuzimwagia maji ngoma zilizoiva kunaweza kuzipasua. Na ikitokea breki zimekwisha kabisa, punguza gia kadiri inavyokubali, piga honi mfululizo, na elekeza gari upande wa mlima, si upande wa bonde. Gari lililokwaruza ukuta au kuingia mtaroni linatengenezwa. Lililokwenda bondeni halitengenezwi, na waliomo ndani ndivyo hivyo.

Hili haliishii kwenye barabara za vumbi. Mlima Kitonga, mkoani Iringa, una lami na alama za barabarani, na bado malori hufeli breki pale. Mwaka 2018 ajali zilizofuatana kwenye miteremko ya Mbeya ziliua watu wengi na kuishtua nchi nzima. Mteremko hauulizi kama barabara ni ya lami au ya udongo.

Nani ampishe nani

Kanuni inayofuatwa kwenye barabara za milimani katika nchi nyingi ni kwamba anayeshuka ampishe anayepanda. Sababu yake ni ya busara. Aliyepakia na kupanda akisimama, kuondoka tena ni shida na anaweza kurudi nyuma. Anayeshuka akisimama mapema, anaondoka kirahisi.

Kwa hiyo unaposhuka, tazama kona mbili tatu chini yako. Uzuri wa barabara hii ni kwamba mara nyingi unaliona gari linalopanda kabla hujakutana nalo. Chagua mahali pana, simama, subiri. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana, hata kama hujakutana na mtu tangu asubuhi. Usiku taa zinasaidia, kwa kuwa mwanga wa mwenzako unaonekana kabla yake.

Mvua, tope na ukungu

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Udongo wa huko juu kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano za zamani za upande wa Rungwe. Ni udongo mzuri kwa viazi, lakini ukilowa unateleza kama sabuni. Maji yanayoshuka ubavuni mwa mlima yakikuta mtaro umeziba, yanageukia barabarani, yanachimba korongo, na mwisho yanakata bega la barabara.

Juni hadi Agosti mvua haipo, ila kuna baridi kali na ukungu. Usiku wa miezi hiyo Kitulo hupata hata umande wa barafu. Anayetoka Usangu na shati jepesi atalijutia. Dereva wa bodaboda asiye na koti na glovu vidole vitakufa ganzi, na vidole vyenye ganzi havikamati breki. Kwenye ukungu tumia taa za chini. Taa kali inagonga ukungu na kukurudia machoni.

Kwa gari dogo lisilo na magurudumu manne yanayovuta, wakati mzuri ni kiangazi. Mvua ikishakolea, hata wenye magari ya nguvu hufunga cheni kwenye matairi au husubiri jua likauke barabara. Kusubiri nusu siku si aibu. Duniani zipo barabara kama hii ambazo gari la kawaida haliruhusiwi kabisa. Sani Pass, kati ya Afrika Kusini na Lesotho, inafika mita 2,876, na kwa miaka mingi gari lisilo na magurudumu manne yanayovuta limekuwa likirudishwa mpakani.

Mzigo na abiria

Lumbesa ni tatizo la mkulima sokoni, lakini pia ni tatizo la dereva mlimani. Gunia lililotuna juu ya kipimo linaongeza uzito ambao hauandikwi popote, na magunia yaliyopangwa juu sana yanaliyumbisha gari kwenye kona. Pakia chini, funga kwa kamba imara, na hesabu uzito halisi badala ya kuhesabu magunia.

Sheria inakataza kubeba watu juu ya mzigo. Tunajua wengi hupanda kwa sababu usafiri ni wa shida, na kumpita mama mwenye mtoto mgongoni njiani ni vigumu. Ila gari likilala, aliyekaa juu ya viazi ndiye anayetangulia chini, na magunia yanamfuata. Kama hakuna njia nyingine, bora kusubiri gari la kesho.

Kabla ya kuanza mlima, iwe unapanda au unashuka, kagua mambo haya:

- Breki zote, pamoja na handibreki, na mafuta ya breki
- Maji ya rejeta na mkanda wa feni
- Matairi yenye meno, na la akiba
- Honi, taa na waipa
- Vigogo viwili vya kuzuia tairi, jembe au koleo, na kamba ya kuvutia
- Simu yenye chaji. Namba ya dharura ni 112, na mtandao haupatikani kila kona

Njia nyingine zipo

Wanaotoka Mbeya wanaweza kufika Kitulo na Makete kwa kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kisha Kikondo. Nayo inapita juu kwenye ukungu na baridi, ila haina ukuta wa kona kama wa Chimala.

Njia ya tatu ni ndefu lakini ya lami: Makambako, Njombe, kisha Makete. Hii inawafaa hasa wanaopeleka wagonjwa Hospitali ya Consolata Ikonda, ambayo hupokea watu kutoka mikoa mingi. Ukiwa na mgonjwa na mvua inanyesha, njia ndefu inaweza kuwa ndiyo ya haraka. Piga simu kwa mtu aliyepita siku hiyo hiyo kabla ya kuamua. Habari za juzi hazifai, maana usiku mmoja wa mvua unabadilisha kila kitu.

Huko juu kuna nini

Ukimaliza kona, unaona kwa nini watu hawakuacha kuipanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, inaitwa na wenyeji Bustani ya Mungu. Kati ya Desemba na Aprili uwanda wote unachanua maua, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Karibu yake upo mlima Mtorwi, wenye mita 2,961.

Barabara imewahi pia kubeba mzigo usiofaa. Mizizi ya okidi ilichimbwa kwa wingi na kusafirishwa hadi Zambia, inakotengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Kuyalinda maua hayo yasiishe ilikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa kwa hifadhi. Ndani ya mipaka yake kuchimba ni kosa.

Barabara ni ya nani

Nchini kwetu barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na za wilaya na vijiji zinasimamiwa na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye tozo iliyomo ndani ya kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo hata kijana wa bodaboda anayenunua lita moja pale Chimala amechangia greda.

Greda haliwezi kuja kila wiki. Kati ya safari zake mbili, kinachoiweka barabara hai ni mtaro ulio wazi. Kijiji kinachozibua mitaro na makalavati mwezi Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, kinaokoa barabara ambayo ingekatika Januari. Ukiona bega limeanza kumeguka, mwambie mtendaji wa kijiji chako mapema, mtaje na kona yenyewe, na uweke tawi la majani mita kadhaa kabla ya pale palipobomoka, juu na chini, ili anayekuja alione. Mvua ikikatika na mahali pakatengenezwa, tawi hilo nalo liondolewe.